Dhamana: sheria ikibadilishwa, nani hulipa?

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, wadau. Chukua chai.

Kila mwaka kuna wiki moja ambapo nchi nzima inageuka kuwa wakili. Mtu anashtakiwa kwa mauaji, anaachiliwa kwa bondi, na kabla jua halijatua huku mtandaoni ni moto: "Korti inawatoa wauaji!" Wiki mbili baadaye inasambaa picha ya kijana aliyekaa rumande miezi kwa sababu ya kuku, na watu walewale wanalia: "Sheria ni ya kuumiza maskini!" Halafu mwanasiasa, wa mrengo wowote unaoutaka, anapanda juu ya gari na kuahidi kubadilisha sheria ya dhamana. Mmoja anataka ikazwe, mwingine anataka ilegezwe. Bei hakuna anayeitaja.

Na ajabu ni kwamba bei tunaijua. Sheria hii tumeibadilisha mara kadhaa katika miaka arobaini iliyopita. Tumeikaza, tumeilegeza, tukajaribu kuikaza tena. Kila mara kuna aliyelipa, na mara nyingi hakuwa yule aliyepiga kura Bungeni.

Kabla ya historia, tuelewane maneno, kwa sababu nusu ya matusi ninayosoma hapa yanatokana na maneno. Dhamana si faini. Kupewa dhamana si kushinda kesi. Ni kuambiwa: nenda nyumbani, lakini urudi tarehe fulani kujibu mashtaka. Kuna dhamana ya pesa taslimu, unaweka hela kortini au kituoni, unapewa risiti, na kesi ikiisha kama hukutoroka unarudishiwa. Kuna bondi, yaani ahadi kwamba ukitoroka utalipa kiasi fulani, na mara nyingi korti inataka mdhamini wa kusimama nyuma ya ahadi hiyo na hati ya shamba, logbook ya gari au payslip. Na kuna bondi ya kibinafsi, unatia sahihi mwenyewe, hakuna hela. Hii ya mwisho ndiyo ya bei nafuu kwa kila mtu, na ndiyo unayoisikia kwa nadra.

Haya, turudi nyuma.

Sheria yetu ya Utaratibu wa Kesi za Jinai ni ya mwaka 1930. Ni kazi ya wakoloni, na dhamana imo ndani yake tangu hapo. Lakini serikali ya kikoloni ilipotaka mtu akae ndani haikupoteza muda kubishana kuhusu dhamana. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu kwa maelfu walitupwa kizuizini bila kesi yoyote, na mwaka 1953 zikaundwa korti maalum za kusikiza haraka kesi za kunyonga. Watu zaidi ya elfu moja walinyongwa kabla vita vile havijaisha. Baada ya Uhuru, mwaka 1966, tukatunga wenyewe sheria ya usalama wa umma iliyoruhusu kuweka watu kizuizini bila kesi. Kwa hiyo kwa muda mrefu dhamana haikuwa vita vya kisiasa. Kulikuwa na njia fupi zaidi ya kumfungia mtu.

Vita vyenyewe vilianza na majambazi.

Miaka ya mwanzo ya 1970, ujambazi ulipopamba moto mijini, Bunge lilifanya wizi wa mabavu kuwa kosa la kunyongwa. Wengi tunadhani wizi wa mabavu ni bunduki na benki. Isome sheria. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinasema ni wizi wa mabavu kama mwizi alikuwa na silaha ya hatari, AU alikuwa na mwenzake mmoja au zaidi, AU alimpiga mtu wakati wa kuiba, kabla kidogo au baada kidogo. Ni "au" na si "na". Vijana wawili wakimnyang'anya mtu simu stage ya matatu bila kisu, bila hata kofi, karani wa mashtaka anaweza kuandika 296(2). Kumbuka hilo, tutalihitaji hivi punde.

Katikati ya miaka ya 1980 Bunge likarekebisha kifungu cha 123 cha ile sheria ya 1930: ukishtakiwa kwa mauaji, uhaini, wizi wa mabavu au jaribio la wizi wa mabavu, dhamana usahau. Hakimu hapimi chochote, haulizi una familia au una kazi. Kosa likiwa kwenye orodha, mlango umefungwa.

Mwaka 1985 suala hilo likafika Mahakama Kuu. Katiba ya wakati ule, kifungu cha 72, ilisema mtu aliyekamatwa ambaye kesi yake haisikizwi kwa muda unaofaa aachiliwe, bila masharti au kwa masharti ya haki. Haikubagua makosa. Mahakama ikasema wazi: sheria ya kawaida haiwezi kuipindua Katiba, kwa hiyo ile marufuku ni batili.

Serikali ingeweza kukubali. Badala yake ilibadilisha Katiba. Mwaka 1987, Bunge la chama kimoja likaongeza maneno machache tu kwenye kifungu cha 72: haki ya kuachiliwa haimhusu aliyeshtakiwa kwa kosa la kunyongwa. Mwaka uliofuata, 1988, wakarudi tena: polisi, ambao walikuwa na saa 24 kumfikisha mshukiwa kortini, wakapewa siku 14 kama kosa ni la kunyongwa. Na katika mabadiliko hayohayo ya 1988 majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Kama hujaona uhusiano, soma tena sentensi mbili zilizopita taratibu.

Kwenye karatasi, mabadiliko hayo hayakugharimu hata senti. Hakuna jengo lililojengwa, hakuna afisa aliyeajiriwa. Kalamu tu. Ndiyo maana wanasiasa hupenda kukaza dhamana: haionekani kwenye bajeti.

Sasa rudi kwa vijana wawili wa simu. Kabla ya 1987, anayeamua kama utalala nyumbani ni hakimu au jaji, mbele ya watu, kwa sababu zinazoandikwa. Baada ya 1987, anayeamua ni aliyeandika karatasi ya mashtaka. Akiandika wizi wa kawaida, unaweza kutoka. Akiandika 296(2), hutoki, na hakuna korti inayoweza kukusaidia mpaka kesi iishe. Yaani nguvu ilihama kutoka kwenye benchi la korti ikaenda kwenye dawati la kituo cha polisi. Sihitaji kumweleza Mkenya yeyote kinachotokea pale ambapo afisa mmoja, ofisini, bila shahidi, ana uwezo wa kuamua kama mwanao atakaa ndani miaka mitatu au atarudi nyumbani jioni. Hiyo ni gharama ya kwanza, na ililipwa na mama waliouza mbuzi usiku.

Ya pili ililipwa na magereza. Kesi za wizi wa mabavu zilikuwa zinavuta miaka. Shahidi hajaja, faili halionekani, hakimu amehamishwa, kesi inaanza upya. Mshtakiwa yuko Industrial Area au Shimo la Tewa au Kodiaga wakati wote huo, na serikali inamlisha, inamsafirisha kortini na kumrudisha, inamlipa askari wa kumlinda. Wengi waliishia kuachiliwa kwa kukosa ushahidi, au kupatikana na kosa dogo kuliko lile lililowanyima dhamana. Na ukiachiliwa huru hakuna dirisha la kwenda kudai ile miaka. Unaweza kushtaki serikali kwamba ulishtakiwa kwa nia mbaya, kama una wakili na una pumzi. Vinginevyo unapewa mfuko wako wa nguo na nauli unajitafutia.

Gharama ya tatu ndiyo wengi hatuijui, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ililipwa na waathiriwa.

Unakumbuka zile siku 14 za 1988? Polisi walizizoea wakazipita. Wiki, miezi. Mshukiwa wa kosa la kunyongwa hana dhamana, sasa haraka ya nini? Kisha mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ikapata mbele yake mtu aliyehukumiwa kunyongwa kwa wizi wa mabavu, ambaye alikaa mikononi mwa polisi kama miezi minane kabla ya kufikishwa kortini. Serikali haikuwa na maelezo. Mahakama ikasema: haki ya kikatiba ikivunjwa bila maelezo, dawa yake kwa kawaida ni kumwachilia mtu, hata kama ushahidi dhidi yake ni mzito. Akatoka.

Baada ya hapo milango ikafunguka. Rufaa moja baada ya nyingine, wafungwa wa kesi nzito wakahesabu siku walizokaa seli ya polisi kabla ya kusomewa mashtaka. Wengine walizidishiwa siku chache tu, na wakatoka. Fikiria wewe ndiye uliyevunjiwa nyumba usiku, ukasimama kizimbani ukatambua sura, ukaamini imeisha. Unasikia ameachiliwa, na si kwa sababu hukuaminika. Ni kwa sababu polisi hawakujua kuhesabu mpaka kumi na nne. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ikabadilisha msimamo: mtu aliyekaa seli kupita kiasi adai fidia, kesi yake iendelee. Lakini hiyo miaka minne ilikuwa imepita.

Sheria ilikazwa ili wahalifu wakubwa wasitoke. Kwa njia ndefu ya kuzunguka, baadhi walitoka kwa sababu ilikazwa. Polisi walipewa muda mwingi na maswali machache, wakaufanya muda huo kuwa mazoea, na mazoea yakabomoa kesi zao wenyewe.

Tuje 2010.

Katiba mpya ilipitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo. Kifungu cha 49(1)(h) kikafuta orodha yote. Sasa kila aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana, kwa masharti ya haki, isipokuwa kuna sababu za msingi za kumzuia. Kila kosa. Mauaji pia. Saa 24 zikarudi kwa wote. Na kuna kipengele kidogo ambacho watu hukiruka, 49(2): kama kosa lako adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, hupaswi kuwekwa rumande kabisa.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeandika "hakimu huyu amehongwa, anampaje muuaji bondi", hakimu hampi zawadi. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuonyesha kwa nini mtu abaki: atatoroka, atatisha mashahidi, usalama wake mwenyewe uko hatarini. Wasipoonyesha, hakimu anafungua mlango. Ukiona mtu ametoka, swali la kwanza ni: mwendesha mashtaka alileta nini siku ile? Mara nyingine jibu ni hati ya kiapo ya kurasa mbili iliyojaa "tunaamini huenda". Hiyo si sababu ya msingi.

Lakini mimi si wa kuisifu 2010 tu, maana nayo ilikuja na bili ambayo hatujailipa mpaka leo.

Ukisema kila mshtakiwa aachiliwe isipokuwa kuna sababu, lazima mtu azitafute hizo sababu. Nani anamjua huyu mshtakiwa? Anaishi wapi kweli, ana familia, amewahi kuruka dhamana, mwathiriwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake? Kazi hiyo tumewapa maafisa wa probesheni, wanaoandika ripoti kwa korti. Mwongozo wa sera ya dhamana na bondi uliotolewa na Mahakama na wadau wenzake mwaka 2015 unazitegemea sana ripoti hizo. Lakini afisa wa probesheni ni yuleyule anayesimamia waliohukumiwa vifungo vya nje, na anayetakiwa kupanda bodaboda mpaka kijijini kuuliza chifu na majirani. Ripoti inachukua wiki mbili, tatu. Wiki hizo mshtakiwa yuko ndani. Na akitoka, nani anamfuatilia?

Tuliandika haki, hatukununua vifaa vya kuitekeleza. Na pale ambapo korti haina habari wala usimamizi, inashika kitu kimoja inachoweza kukipima: pesa.

Hapo ndipo kuku na mabilioni wanapokutana. Sheria ni moja. Mshtakiwa wa mabilioni anawekewa bondi ya mamilioni, wakili wake anatoka nje kupiga simu mbili, jioni yuko nyumbani. Kijana wa kuku anawekewa elfu ishirini. Ukisikia elfu ishirini unaona ni huruma. Kwa mtu anayelipwa mia tano kwa siku ya mjengo, asile, asilipe nyumba, ni siku arobaini za kazi. Basi anabaki. Kwa miaka mingi mahabusu, watu ambao hawajahukumiwa, wamekuwa kati ya theluthi moja na nusu ya wote walioko magerezani mwetu. Si wote wamenyimwa dhamana. Wengi wamepewa, hawana ya kulipia.

Hata mwenye kitu hapiti kirahisi. Mwaka juzi nilikwenda kumdhamini mpwa wangu. Ugomvi wa baa, kesi ya kujeruhi. Hakimu alimpa bondi ya laki mbili na mdhamini mmoja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Nikafurahi, nikapiga simu nyumbani wapike. Nilikuwa na logbook mkononi. Karani akasema lazima ithibitishwe. Jumatano mtandao umekwama. Alhamisi barua ya uthibitisho imekuja, lakini anayetia sahihi yuko semina. Ijumaa nikasimama mbele ya hakimu anihoji, mshtakiwa ni nani kwako, unajua akitoroka gari linakwenda, faili likawa halijapanda kutoka rejista. Wikendi. Alitoka Jumatatu jioni. Alilala rumande usiku sita baada ya korti kusema aende nyumbani, na mimi nilikuwa na gari! Dada yangu, mama yake, asingeweza kumtoa. Shamba analolima miaka ishirini hati yake ina jina la baba mkwe aliyekufa. Wanawake wangapi nchi hii wana shamba la kulima na hawana shamba la kudhamini?

Gharama hizo hazimo kwenye takwimu zozote. Korti imeandika: "dhamana imekubaliwa".

Na upande wa pili wa bili ya 2010, mashahidi. Zamani mshtakiwa wa mauaji alikuwa ndani mpaka hukumu. Sasa anaweza kurudi mtaani alikotoka, ambako mjane wa marehemu anauza mboga. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi tangu 2006 na shirika la kuisimamia. Lakini kumlinda shahidi ni kumhamisha, kumlipia nyumba, kuwatafutia watoto shule nyingine. Ni kazi ya hela nyingi, na shahidi wa kawaida wa kesi ya kawaida hata hajui pa kuombea. Mtetezi wa dhamana asiyezungumzia mjane huyo simwelewi, sawa na nisivyomwelewa mwenye kutaka kufunga kila mtu.

Basi ikaja 2014. Mnaikumbuka hali ilivyokuwa. Westgate Septemba 2013, watu 67 wameuawa. Mpeketoni Juni 2014. Novemba basi Mandera, abiria 28. Siku chache baadaye machimbo ya mawe hukohuko, 36. Nchi ilikuwa na hofu na hasira, na msemo wa polisi ulikuwa mmoja: sisi tunakamata, korti zinaachilia. Desemba 19 ikatiwa sahihi sheria ya marekebisho ya usalama, baada ya kikao cha Bunge kilichogeuka vita vya ngumi na maji.

Ndani yake kulikuwa na kipengele kuhusu dhamana. Korti ikimpa mtu dhamana, upande wa mashtaka ungeweza kusimamisha kuachiliwa kwake kwa siku kadhaa kwa kusema tu unakwenda kutaka uamuzi upitiwe. Ona tena mbinu ya 1987 ikirudi kwa mlango wa nyuma: uamuzi unatoka kwa jaji unarudi kwa anayeshtaki. Februari 23, 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu vinane vya sheria ile, na hicho kilikuwa kimojawapo.

Mwezi wa pili haujaisha tangu uamuzi ule, Aprili 2, ikaja Garissa. Watu 148. Wapo waliotaka kuunganisha mambo hayo mawili. Mimi nauliza tu: ni nani kati ya washambulizi wa chuo kile aliyekuwa nje kwa dhamana iliyozuiwa kusimamishwa na kifungu kile? Hoja ya dhamana ilikuwa rahisi kuitaja kuliko swali la kwa nini kikosi cha uokoaji kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi.

Kitu kimoja kutoka sheria ya 2014 kilibaki: kifungu cha 123A, kinachoambia korti itazame uzito wa kosa, tabia ya mshtakiwa na uhusiano wake na jamii, kama aliwahi kuruka dhamana, na nguvu ya ushahidi. Hicho mimi sina neno nacho. Kinamwacha hakimu apime.

Tangu hapo vita vimehamia kwenye masharti. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba gavana aliyeshtakiwa kwa ufisadi anaweza kupewa dhamana na wakati huohuo kukatazwa kukanyaga ofisini mpaka kesi iishe. Kaunti nzima ikaendeshwa na naibu. Wafuasi wakasema ni njama, wapinzani wakapiga makofi, na mambo yalipowageukia wakabadilishana mistari. Na 2025, baadhi ya vijana waliokamatwa kwenye maandamano walijikuta korti ya Kahawa wakijibu mashtaka ya ugaidi, si ya uharibifu wa mali. Orodha ya 1987 haipo tena, lakini kalamu ya karani wa mashtaka bado ina nguvu: kosa zito kwenye karatasi huzaa masharti mazito. Huku mitandaoni tukafanya kile tulichozoea, till number na mchango wa mia mia. Mwenye jina alichangiwa siku moja. Wasio na jina sijui.

Sasa, ukimsikia mtu jukwaani akisema akichaguliwa atafuta dhamana kwa wauaji, au kwa wabakaji, au kwa wezi wa mali ya umma, muulize ataipitisha vipi. Kifungu cha 49 kiko ndani ya Sheria ya Haki za Kimsingi. Kwa kifungu cha 255, hakibadilishwi na Bunge peke yake. Kinahitaji kura ya maoni, na angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti. Kura ya maoni ni vituo, makarani, polisi na karatasi nchi nzima, karibu sawa na uchaguzi mkuu. Kwa hela hiyohiyo ungeajiri maafisa wa probesheni wangapi, ungehamisha mashahidi wangapi?

Na ukimsikia mwingine akiahidi kwamba pesa taslimu itaondolewa kabisa kwa makosa madogo, usipige makofi bado pia. Muulize nani atamkumbusha mshtakiwa tarehe ya kesi, kwa ujumbe wa simu au kwa chifu, nani atakwenda kumtafuta asipofika, na fungu hilo liko ukurasa gani wa bajeti. Kama hana ukurasa, mahakimu watarudi kwenye pesa kufikia Pasaka, na safari hii wataiita jina lingine.

Nikimalizia kuandika haya nimekifungua tena kifungu cha 123 cha ile sheria ya 1930. Mauaji, uhaini, wizi wa mabavu, jaribio la wizi wa mabavu: maneno yaliyosema hawa wasipewe dhamana bado yapo kwenye nakala yangu. Katiba imeyaua, lakini hakuna aliyeyafuta. Mbunge wako akikuomba kura mwaka ujao, mwonyeshe ukurasa huo. Kuyafuta ni bure.